Kamera Imekataa Kuleta Picha: Tutafute Njia Ilipokatika

Somo letu safari hii lina ufundi kidogo ndani yake. Lisomeni polepole. Mahali pagumu rudieni, au someni kwa sauti mbele ya wenzenu wa kikundi.

Tangu umeme ufike katika vijiji vingi, na watu wengine kufunga sola, kamera za ulinzi zimeanza kuonekana vijijini. Zipo juu ya milango ya maduka, kwenye maghala ya vyama vya msingi, hata kwenye nyumba za kawaida. Mtu amelima, ameuza, amejenga, amenunua pikipiki. Sasa anataka kulala usingizi. Anaweka kamera.

Kisha siku moja kamera inakataa. Mashine inawaka, televisheni inawaka, lakini pale palipokuwa na picha ya geti pana giza tupu, au pameandikwa maneno mawili matatu ya Kiingereza. Mwenye nyumba anampigia simu fundi aliye mjini. Fundi anataka nauli ya kuja, nauli ya kurudi, na hela ya kazi. Akifika anakaza kichwa kimoja cha waya, basi, picha inarudi.

Hatusemi kwamba fundi ni mwizi. Fundi hulipwa kwa kujua mahali pa kushika. Lakini mahali hapo nasi tunaweza kupajua. Na kuna jambo kubwa kuliko nauli ya fundi. Kamera ikizimika usiku na mali ikapotea usiku huo huo, watu huanza kunyosheana vidole. Tutaeleza kisa kimoja mbele kidogo.

JICHO, NJIA NA DAFTARI

Kamera ni jicho. Linaona, lakini haliandiki. (Ziko kamera zenye kadi ndogo ya kumbukumbu ndani yake. Hizo tuziache kwa leo.) Mashine ya kurekodi ni daftari. Inaandika kila jicho linachokiona, na kesho unaweza kulifungua na kusoma. Kati ya jicho na daftari ipo njia. Kamera "ikikataa", mara nyingi jicho ni zima na daftari ni zima. Kilichokatika ni njia.

Njia hiyo ina vitu viwili vinavyosafiri. Umeme unakwenda kwa kamera. Picha inarudi kwenye mashine. Ukiyashika haya mawili, umeshika nusu ya somo.

Mashine ziko za aina mbili. Tazameni juu ya boksi au chini ya mashine yenyewe. Mkikuta herufi DVR, kamera zenu kwa kawaida zinatumia waya mnene wa mviringo kama ule wa antena ya televisheni, pamoja na waya mwingine mwembamba wa umeme. Mkikuta herufi NVR, kamera zenu zinatumia waya wa intaneti, wenye nyaya ndogo 8 ndani yake na kichwa cha plastiki kinacholia "tik" kikiingia. Herufi moja tu imebadilika, lakini ugonjwa wa mashine hizi mbili haufanani, wala dawa yake haifanani.

Msidhani jambo hili la kuweka jicho mlangoni lilianzishwa na matajiri. Muuguzi mmoja wa New York huko Marekani, Marie Van Brittan Brown, alikuwa akikaa peke yake nyumbani usiku mara kwa mara, na polisi wa mtaa wao walichelewa kufika wakiitwa. Mumewe, Albert Brown, alikuwa fundi wa vifaa vya umeme. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hati ya uvumbuzi wa kamera ya mlangoni inayopeleka picha kwenye televisheni ya chumba kingine. Walipewa hati hiyo mwaka 1969. Shida yao ilikuwa ndiyo shida yetu: nani yuko nje, na je, nifungue?

ANZENI NA UMEME

Kabla ya kugusa kitu chochote, ulizeni: ni kamera moja iliyokufa, au zote? Kama zote zimekufa kwa pamoja, msipande ngazi. Ugonjwa upo pale zinapokutana, yaani kwenye adapta inayozilisha zote, au kwenye swichi ya mtandao, au kwenye mashine yenyewe. Kama ni moja tu, ugonjwa ni wa njia ya hiyo moja.

Swali la pili: imekufa saa ngapi? Swali hili watu wengi hawaulizi, nalo ndilo lenye majibu mengi. Kamera nyingi zina taa ndogo zinazoizunguka lensi. Mchana taa hizo zimelala. Giza likiingia zinawaka zenyewe ili kamera ione. Macho yetu hayaoni mwanga wake sawasawa. Pengine tutaona wekundu hafifu tu. Lakini taa hizo zinakula umeme. Kamera iliyotosheka mchana, usiku inahitaji umeme mwingi zaidi, pengine mara mbili. Umeme ukiwa mchache, kamera inazimika, inajaribu kuwaka, inazimika tena. Asubuhi jua likitoka inarudi kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa kisa chenyewe. Mama mmoja ana nyumba yenye duka mbele na stoo nyuma. Aliweka kamera 4 na mashine ya DVR. Asubuhi moja alikuta madumu ya mafuta ya kula yamepungua stoo. Akafungua mashine atazame. Picha za dukani zipo, za uani zipo. Za stoo hakuna, usiku kucha giza. Anayelala pale ni kijana mmoja anayemsaidia kazi. Tulipofika, kwa habari nyingine kabisa ya darasa, tukamkuta kijana amekaa nje na begi lake.

"Mwalimu, huyu ndiye aliyechomoa kamera," mama akasema. "Nani mwingine anajua waya ulipo?"

Tukamwomba: "Mama, kabla ya kumfukuza kijana, hebu tuiulize mashine. Turudi nyuma siku kadhaa."

Tukarudi nyuma. Jana yake, giza. Juzi yake, giza. Tukahesabu usiku 9 mfululizo, na kila siku picha ya stoo ilikatika jua lilipozama, ikarudi kulipokucha. Katika siku hizo 9 zilikuwamo 2 ambazo kijana hakuwapo kabisa. Alikwenda msibani kwao, na mama mwenyewe ndiye aliyempa nauli. Mama akanyamaza.

Tukaazima mita kwa fundi redio wa pale kijijini. Kwenye adapta kulikuwa na volti 12. Kule mwisho wa waya, penye kamera, mchana zilifika volti 10 na nusu hivi. Tulingoja giza. Taa za kamera zilipowaka, mita ikashuka chini ya 9, na kamera ikazimika. Waya wa umeme ulikuwa mwembamba kama wa spika ndogo, na ulitembea kiasi cha mita 40 kutoka dukani hadi stoo. Umeme ulichoka njiani. Fundi aliyefunga alibana matumizi ya waya, na mvua zilipoingia kwenye maungio hali ikawa mbaya zaidi.

Dawa ilikuwa rahisi. Stoo kuna soketi. Adapta ya kamera hiyo ilihamishiwa huko, umeme ukatembea mita 2 badala ya 40. Waya wa picha ukaachwa ulivyo, maana waya ule mnene hubeba picha mbali bila taabu. Aliyechukua mafuta hakujulikana. Kijana alirudisha begi lake ndani.

Angalizo moja la kupima. Mkishika mita kwenye waya mtupu, kamera haijachomekwa, itaonyesha 12 na kuwadanganya. Waya usiobeba mzigo hauchoki. Pimeni kamera ikiwa imechomekwa na taa zake zinawaka. Na pimeni upande wa volti 12 tu. Umeme wa ukutani ni volti 230. Huo unaua, mwachieni fundi umeme.

Wenye sola wana jambo lao. Kamera ikikatika saa 9 au saa 10 usiku, sio jioni, tazameni betri kwanza. Betri iliyochoka hufika alfajiri haina kitu, na inverta hujizima kuilinda. Wengine huunga kamera moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 ili kuokoa inverta. Fikirini vizuri. Betri ikiwa inachajiwa mchana hupanda hadi volti 14 na zaidi. Kamera nyingine huvumilia, nyingine huungua. Someni karatasi yake kwanza.

ULETENI UGONJWA MEZANI

Umeme ukiwa sawa na picha bado hakuna, tumieni njia hii. Teremsheni kamera. Ileteni mpaka penye mashine. Iungeni kwa waya mfupi ambao mna hakika ni mzima, kwa mfano waya wa kamera nyingine inayofanya kazi. Picha ikija, mmejua mengi kwa mara moja: kamera ni nzima, mashine ni nzima, mgonjwa ni ule waya mrefu wa dari. Picha isipokuja, chukueni kamera inayofanya kazi, iungeni kwenye tundu lile lile la mashine. Hiyo ikileta picha, tundu ni zima na kamera ya kwanza ndiyo mgonjwa. Nayo ikikataa, tundu la mashine limekufa. Hamieni tundu jingine.

Badilisheni kitu kimoja kwa mara moja. Mtu akibadilisha waya, adapta na tundu kwa pamoja, picha ikirudi hatajua kilichoiponya. Mwezi ujao atanunua tena vyote vitatu.

Waya mrefu ukishakamatwa, usitupwe bado. Tazameni vichwa vyake kwanza, maana ugonjwa hupenda kukaa kwenye maungio. Kichwa cha DVR huingia na kuzungushwa kidogo hadi kikamate. Kikivutika hovyo hakijashika. Ndani yake ipo sindano ya shaba katikati na nyuzi nyembamba pembeni. Uzi mmoja tu wa pembeni ukigusa sindano, picha imekufa. Nje ya nyumba maungio huingia maji, kutu ya kijani, na sisimizi. Hasa sisimizi. Panya nao hula ganda la waya darini.

Kwa waya wa NVR, tazameni taa ndogo penye tundu. Waya ukichomekwa na kamera ina uhai, taa hiyo huwaka au kupepesa. Isipowaka, msihangaike na maandishi ya kwenye televisheni. Njia yenyewe haijafunguka. Nyaya zile 8 zina mpango, nao lazima uwe mmoja ncha zote mbili. Andikeni kwenye daftari mpango unaotumika sana: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Waya huo usizidi mita 100 kutoka swichi au mashine hadi kamera. Ukizidi, picha inakatikakatika au haiji kabisa.

Kamera nyingi za NVR hupata umeme humo humo kwenye waya wa intaneti. Lakini si kila tundu linatoa umeme. Mtu hununua swichi ya bei nafuu ili aongeze kamera, anachomeka, kimya. Swichi ile hupitisha picha tu, umeme haitoi. Kamera hiyo itahitaji adapta yake yenyewe.

Zile zisizo na waya, zinazotumia hewa, zina ugonjwa mmoja mkubwa. Ukuta wa mabati huzizuia, na ukibadilisha kifaa cha intaneti au neno lake la siri, kamera huendelea kuita jina la zamani.

NYUMBA HAINA NAMBA

Sasa umeme upo, waya ni mzima, taa ya tundu inapepesa, na mashine ya NVR bado inasema haioni kamera. Hapo tatizo ni la anwani.

Kila kamera ya aina hii ina anwani yake ya namba. Ni mafungu manne yaliyotenganishwa na nukta, kwa mfano 192.168.1.20. Katika nyumba nyingi mafungu matatu ya mwanzo ni kama jina la kitongoji, na la mwisho ni namba ya nyumba. Mashine ikiwa na anwani 192.168.1.2 na kamera 192.168.1.20, wako kitongoji kimoja, wanasikilizana. Kamera ikiwa na 192.168.0.20, tazameni vizuri fungu la tatu: kitongoji ni kingine. Mashine inaita, kamera haisikii.

Hali hii hutokea sana mtu anapobadilisha kifaa cha intaneti. Kampuni ya zamani ilitoa kitongoji cha 1, ya sasa imetoa cha 0. Mashine imehama, kamera imebaki.

Tatizo la pili ni nyumba mbili zenye namba moja. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani ile ile. Ukinunua 2 mpya na kuzichomeka kwa pamoja, mpeleka barua hajui agonge mlango upi. Picha ya moja inakuja, inapotea, inakuja ya pili. Chomekeni moja, ipeni namba yake, ndipo mchomeke ya pili. Namba hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la mashine. Hapa ndipo kisomo chetu kinapolipa.

NENO LA SIRI NA LUGHA

Kamera ya NVR ina neno lake la siri, mbali na lile la mashine. Watu huyachanganya haya mawili. Kijana wa nyumbani akibadilisha neno la kamera kwa simu, mashine haijui. Itaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani. Kamera nyingi zikibishwa kwa neno baya mara kadhaa hujifunga kwa muda, mara nyingi kama nusu saa. Basi ukianza kubahatisha maneno unazidi kuifunga. Zaidi ya hapo, mashine nayo inabisha bila kuchoka. Chomoeni waya wa kamera kwenye mashine, ngojeni, kisha ingizeni neno sahihi mara moja tu, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo.

Likisahaulika kabisa, kamera nyingi zina kitufe kidogo cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Hapo anwani nayo hurudi ya kiwandani, kwa hiyo someni tena habari ya vitongoji.

Lugha nayo ni jambo. Kamera ya kiwanda kimoja na mashine ya kiwanda kingine huenda zisielewane. Mwaka 2008 kampuni za Axis, Bosch na Sony zilianzisha lugha ya pamoja iitwayo ONVIF, na leo viwanda vingi vinaitumia. Lakini katika kamera nyingine lugha hiyo imezimwa, lazima iwashwe kwanza kwenye mipangilio yake. Kwa upande wa DVR, tafuteni kwenye boksi herufi AHD, TVI au CVI. Mashine nyingi za siku hizi husoma zote, za zamani husoma moja tu. Kwa hiyo mkienda mjini kununua kamera ya kuongeza, msiende mikono mitupu. Andikeni herufi na namba zilizo chini ya mashine, mwonyesheni muuzaji. Akisema "zote ni sawa tu, mama," nendeni duka la pili.

PICHA IKISHARUDI

Msiridhike kuona picha kwenye televisheni. Picha kuonekana ni jambo moja, kuandikwa ni jambo jingine. Diski ya mashine inaweza kufa huku picha zinapita vizuri mbele ya macho yenu. Fungueni picha za jana, saa yoyote ya usiku, mzitazame kwa kila kamera. Fanyeni hivyo kila wiki. Mama wa stoo angefanya hivyo, angegundua giza mapema.

Tazameni pia tarehe na saa. Betri ndogo iliyo ndani ya mashine ikichoka, umeme ukikatika saa yake hurudi miaka ya nyuma kabisa. Picha ya mwizi yenye tarehe ya miaka ya nyuma italeta ubishi polisi. Na kumbukeni kwamba mashine huandika saa kwa mtindo wa Kizungu. Ikiandika 02:10, ongezeni 6: ni saa 8 na dakika 10 usiku. Ikiandika 19:00, toeni 6 mpate 13, kisha toeni 12: ni saa 1 jioni.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Adapta inatoa volti 12. Waya unapoteza volti 1 na nusu mchana, na volti 3 usiku. Kamera inapata volti ngapi mchana? Usiku je?

2. Mashine ina anwani 192.168.1.2. Kamera tatu zina 192.168.1.11, 192.168.2.12 na 192.168.1.2. Ipi itasikilizana na mashine? Mbili zilizobaki zina kosa gani?

3. Picha ya geti imekatika 03:20 na kurudi 06:35. Ni saa ngapi kwa Kiswahili? Ilikatika kwa muda gani? Kama nyumba hiyo inatumia sola, mtaanza kutazama wapi?

4. Nendeni kwa mwanakikundi mwenye kamera, kwa ruhusa yake. Chora njia yote, kutoka soketi hadi kamera na kutoka kamera hadi mashine. Andikeni urefu wa kila waya kwa hatua, na wekeni alama ya msalaba kila penye maungio.